Gari Linavuta na Kuachia, Likikanyagwa Linalipuka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Swali hili haliishi, ila kila mwenye gari hulileta kwa maneno yake. "Linavuta halafu linaachia." "Nikikanyaga mafuta linapiga bomu nyuma." "Hapa kisiwani Mombasa liko sawa, nikianza kupanda mlima wa Mazeras linakohoa." Na mara nyingi swali lenyewe huja limechelewa: plagi zimeshabadilishwa, koili inayotoa umeme wa cheche imeshanunuliwa, pampu ya petroli imeshafunguliwa, pesa zimekwenda na gari ni lile lile.

Basi nimeyaandika yote pamoja. Mpangilio ni huu: vya bure vinatangulia, vya bei vinafuata, kufungua injini ni mwisho kabisa. Usiruke hatua eti kwa sababu jirani alikuwa na shida kama yako ikapona kwa koili. Dalili hii moja ina vyanzo zaidi ya kumi.

Haya ni ya magari ya petroli yenye injekta na kompyuta, yaani karibu yote yanayoshuka melini Kilindini kutoka Japani: Probox, Fielder, Vitz, Premio, Demio, Note. Nikitaja kipimo bila kutaja gari, ni cha injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, maana hiyo ndiyo iliyojaa barabarani kwetu. Injini yako ikiwa nyingine, utafute kipimo chake. Mwenye dizeli asitumie mwongozo huu; dizeli ina mambo yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Skana ndogo ya Bluetooth ya kuchomeka chini ya usukani, na programu yake kwenye simu. Ya bei rahisi yatosha, mradi ionyeshe vipimo injini ikiwa inazunguka, si namba za hitilafu peke yake.
- Multimita.
- Soketi ya plagi (1NZ hutumia ya milimita 16), spana na soketi ya 10, bisibisi, na fila geji ya kupimia mwanya wa plagi.
- Geji ya vakyumu (ya kupimia mvuto wa hewa ndani ya injini) na geji ya presha ya petroli. Hizi huna haja ya kununua, azima kwa fundi.
- Chupa ya kupulizia maji, ile wanayotumia vinyozi.
- Mkebe wa dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Uliza hiyo hasa, usipewe ya breki.
- Tochi, vitambaa, glavu, kalamu na karatasi.
- Mtungi wa kuzimia moto, uwe karibu na mkono, si ndani ya buti chini ya mizigo.
- Mtu wa pili anayejua kuendesha.

Karatasi watu huidharau. Andika kila kipimo na kila ulichogusa. Ukibadilisha vitu vitatu mchana mmoja gari likapona, hujui kilichoponya ni kipi, na wiki ijayo likirudia utaanza upya.

Onyo kabla ya yote. Taa ya injini ikiwa inamweka, yaani inawaka na kuzima wakati unakanyaga, punguza mwendo, uegeshe, usiendelee na safari. Ni ishara kwamba silinda inamisi vibaya, yaani haiwaki inavyotakiwa, na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi. Inaungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, nayo hupata moto hadi ikawa nyekundu. Usiegeshe gari hilo juu ya majani makavu wala ubavuni mwa banda la makuti.

Nadharia, kidogo tu

Injini yataka hewa, petroli na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huungua vizuri na sehemu 14.7 za hewa. Ukikanyaga, mambo mawili hutokea pamoja: petroli inayotakiwa hupanda ghafla, na mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, kwa hiyo cheche huona taabu kuruka mwanya wa plagi. Ndiyo maana koili dhaifu au pampu iliyochoka hujificha gari likiwa limesimama linanguruma tu bila kukanyagwa, ikajitokeza mlimani.

Mchanganyiko ukiwa na petroli haba huungua polepole. Valvu ya kuingizia hewa inapofunguka tena, moto bado haujazima, basi unarudi nyuma na kutokea upande wa filta ya hewa. Huo ndio mlipuko wa mbele. Mlipuko wa nyuma ni petroli ambayo haikuungua silindani ikaenda kuwakia kwenye ekzosi. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza, kwa hiyo usiisahau.

Hatua ya 1: Lihoji gari kabla ya kufungua boneti

Jiulize na ujibu kwa kuandika: lilianza lini, na siku hiyo au jana yake kulifanyika nini? Lilioshwa injini? Lilitiwa petroli mahali usipopazoea? Lilitoka sevisi? Lilipita kwenye maji ya mvua ya masika? Linafanya hivyo likiwa baridi, likiwa moto, au wakati wote? Tangi likiwa na robo au likiwa limejaa?

Gari lililotoka sevisi jana likaanza kulipuka leo, rudi kwanza kwenye kilichoguswa: konekta haikuingia hadi mwisho, mpira wa hewa haukukazwa klipu, kifuniko cha filta hakikukaa. Kwenye magari ya zamani yenye distribyuta (kigawa cheche) na waya za plagi, angalia waya hazikubadilishana nafasi. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya mbili zikipishana, gari hulipuka mbele na nyuma kwa pamoja.

Hatua ya 2: Mlipuko unatokea wapi?

Hapa ndipo unapomhitaji yule mtu wa pili. Yeye aendeshe, wewe usikize. Usifanye jaribio hili katika foleni ya Makupa wala kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni. Tafuta barabara iliyo wazi asubuhi mapema. Dongo Kundu inafaa. Mlima wa Mazeras unafaa zaidi kwa kulibana gari, lakini malori ni mengi, usijaribu kuyapita na gari linaloachia.

Fungua vioo. Gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, mwenzako akanyage taratibu, kisha akanyage kwa nguvu. Sikiza:

- Kishindo kizito, cha "buff", kutoka chini ya boneti: mlipuko wa mbele. Washukiwa: hewa inayoingia kwa njia ya wizi, petroli haba, sensa ya hewa, taimingi (wakati wa valvu kufunguka na kufunga).
- Mlio mkali, wa "pa!", kutoka nyuma: mlipuko wa ekzosi. Washukiwa: plagi, koili, injekta inayovuja, ekzosi yenyewe.
- Hakuna mlipuko, gari linavuta na kuachia kwa mawimbi tu: petroli haba, sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), au gia. Nitarudi kwenye gia.

Kama barabara haipatikani na gari ni otomatiki, kuna njia ya uani: breki ya mguu ikanyagwe hadi mwisho, handibreki juu, gia ya D, kisha mafuta yakanyagwe kwa sekunde zisizozidi tano. Injini itabanwa gari likiwa limesimama. Asiwepo mtu mbele ya gari, wala nyuma. Usirudie mara nyingi, gia hupata moto haraka.

Hatua ya 3: Isome kompyuta, usiifute

Chomeka skana. Namba utakazokuta mara nyingi kwa dalili hii:

- P0300: silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 hadi P0304: tarakimu ya mwisho ndiyo silinda inayomisi.
- P0171: mchanganyiko una petroli haba. P0172: petroli imezidi.
- P0101 au P0102: sensa ya hewa.
- P0121: sensa ya throto.
- P0335 na P0340: sensa za krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (inayofungua valvu).
- P0016: kranki na kamu hazikubaliani. Hii usiichezee.
- P0420: katalisti haifanyi kazi yake.

Piga picha ya skrini kabla ya kufuta chochote. Kosa la kila siku ni fundi kuzifuta kwanza "tuone kama zitarudi". Zikifutwa, kumbukumbu ya mwendo, joto na mizunguko ya wakati kosa lilipotokea huondoka nazo. Na jambo jingine: namba haitaji spea ya kununua. P0171 haisemi "nunua sensa ya oksijeni". Sensa ya oksijeni hapo ni shahidi tu anayesema petroli ni haba.

Sasa fungua vipimo vya moja kwa moja utafute STFT (marekebisho ya papo hapo) na LTFT (ya muda mrefu). Hivyo ni kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 kwa mia si neno. Injini ikiwa na moto wake wa kawaida, soma mara mbili: ikiwa inanguruma tu, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika.

Ikiwa kujumlisha ni kubwa injini inaponguruma, halafu kunapungua kwenye 2,500, kuna hewa ya wizi: nenda hatua ya 4. Ikiwa iko sawa inaponguruma, halafu kujumlisha kunapanda kadiri unavyolibana gari, petroli haifiki au sensa ya hewa inadanganya: hatua ya 6 na 7. Ikiwa ni kutoa kukubwa, petroli imezidi, tafuta injekta inayovuja. Vipimo hivi viwili ni vya bure kabisa, na huokoa pesa kuliko kitu kingine chochote katika ukurasa huu.

Hatua ya 4: Macho na vidole chini ya boneti

Injini izime na ipoe. Anza na ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye throto. Usiutazame kwa juu tu. Legeza klipu, utoe, ukunjue mkunjo mmoja mmoja mbele ya tochi, upande wa chini hasa. Ufa hukaa kwenye bonde la mkunjo, mwembamba wa kutoonekana mpira ukiwa umetulia.

Mpira huo ndio unaowachezea wengi akili, na sababu ni hii. Injini hukaa kwenye maunti za mpira. Ukikanyaga mafuta, injini hujipinda. Maunti ikichoka, hujipinda zaidi. Mpira wa hewa unavutwa, ufa unafunguka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa, petroli inakuwa haba, gari linakohoa mbele. Ukiachia, injini inarudi mahali pake, ufa unajifunga, na kila kipimo cha gari lililosimama kinatoka safi. Ili kuhakikisha, mwenzako afanye lile jaribio la breki na gia ya D, wewe usimame pembeni, si mbele, uitazame injini. Ikiruka kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, angalia maunti. Kuufunga ufa kwa tepu ni kwa kukufikisha nyumbani tu.

Kisha mipira myembamba ya vakyumu: ule wa breki, ule wa PCV (unaovuta mvuke kutoka ndani ya injini), na ile ya kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Joto letu huikausha ikawa migumu, ikibonyezwa inapasuka. Ikague kwenye ncha, hapo ndipo inapochanika.

Halafu konekta za umeme. Anayelaza gari Nyali, Bamburi au Shanzu mkabala na bahari ajue kwamba chumvi haimwachi mtu. Vua konekta ya sensa ya hewa, ya throto na za koili moja moja. Ukiona ukijani au unga mweupe kwenye pini, ndipo pa kusafisha, kwa dawa ya kusafishia umeme na brashi laini, si kwa kisu. Waya wa hasi unaofungwa kwenye injini usiuache: multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, injini ikizunguka na taa zimewashwa. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, fungua ncha za waya, piga msasa, funga tena. Na ukiona waya zimetafunwa, ni panya. Gari lililolala wiki mbili huwa makao yao.

Kutafuta hewa ya wizi kwa sauti, injini inanguruma: pulizia maji kidogo kwa ile chupa kwenye maungio ya manifoldi na mipira, mbali na koili na konekta. Mahali mlio wa injini unapobadilika ndipo panapovuta. Mafundi wengi hutumia dawa ya kabureta au petroli kwenye bomba la sindano. Inafanya kazi, lakini inashika moto, na moto chini ya boneti hausubiri utafute mtungi. Maji yatosha.

Hatua ya 5: Plagi na koili

Injini iwe baridi. Kabla ya kufungua plagi, puliza mashimo yake kwa upepo, kwa sababu mchanga ulio mle ndani utaangukia silindani. Toa koili, toa plagi, uzipange kwa namba kwenye kitambaa. Silinda ya 1 ni ya upande wa mkanda wa alternata.

Kisome kichwa cha kila plagi:

- Kahawia ya majivu: nzuri.
- Nyeupe kama chokaa: petroli haba au joto limezidi.
- Masizi makavu meusi: petroli imezidi, au cheche dhaifu.
- Imelowa petroli: haikuwaka kabisa.
- Imelowa oili: ringi au sili za valvu. Kama oili iko juu ya plagi, ndani ya shimo, hiyo ni gasketi ya kifuniko cha juu, afadhali.

Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo ni la silinda ile. Zote zikifanana kwa ubaya, tatizo ni la hewa au petroli ya injini nzima, na koili huna haja nayo.

Sasa geuza plagi uitazame kauri yake nyeupe mwangani. Ukiona mstari mwembamba mweusi uliochorwa kutoka juu hadi chini, cheche imekuwa ikitoroka pembeni badala ya kuruka mwanyani. Itazame na ndani ya mpira wa koili: mstari huo huwa na pacha wake huko. Ukibadilisha plagi ukaacha mpira wa koili, plagi mpya itachorwa tena. Maji ya kuoshea injini kwa presha ndiyo huleta haya mara nyingi: yanaingia kwenye mashimo ya plagi, yanakaa. Kuosha injini kwa presha ili ing'ae kwa mnunuzi ni tabia nisiyoipenda.

Mwanya wa 1NZ ni milimita 1.1. Ukiwa mpana zaidi kwa sababu ya kulika, cheche itashindwa ukikanyaga, hata kama inaponguruma huoni kitu. Plagi za iridiamu usizipinde kwa nguvu, ncha yake huvunjika. Na plagi bandia zimo madukani, boksi zuri na kila kitu. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, jua unachonunua.

Jaribio la koili ni la bure. Tuseme umesoma P0303. Hamisha koili ya 3 uiweke kwenye 1, na ya 1 kwenye 3. Futa namba, endesha. Ikija P0301, koili ni mbovu, nunua moja. Ikibaki P0303, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki tena, ni injekta ya silinda ya 3 au mgandamizo. Injekta isikize kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta na mpini sikioni: utasikia tiki-tiki. Iliyo kimya, ipime omu ikiwa imevuliwa konekta. Nyingi husoma kati ya 11 na 16.

Usivue koili injini ikizunguka kwa muda mrefu ili "kusikia tofauti". Petroli ya silinda ile inakwenda mbichi kwenye katalisti. Na usishike waya wa cheche kwa mkono. Si mshtuko wa mchezo.

Hatua ya 6: Sensa ya hewa na throto

Sensa ya hewa ni ule uzi mwembamba ndani ya bomba baada ya filta. Vumbi na mvuke wa oili ukiushika, inahesabu hewa chache kuliko inayoingia, na petroli inatolewa haba. Toa sensa, ipulizie dawa yake mara kadhaa, iache ikauke yenyewe. Usiiguse kwa kidole, kitambaa wala pamba, wala usiipige upepo wa kompresa. Uzi ukikatika ndio mwisho wake.

Kama bado unaishuku, zima injini, vua konekta yake, washa, endesha kidogo. Magari mengi yatatumia makadirio ya kompyuta. Likivuta vizuri zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, sensa inadanganya. Taa ya injini itawaka, hiyo utaifuta.

Throto: kwenye skana fungua asilimia yake, swichi iwe imewashwa bila kuwasha injini, ukanyage polepole sana hadi chini. Namba ipande bila kuruka. Ukiona inatoka 22, inarudi 9, inakwenda 30, umempata. Kwa multimita ni vile vile: kwa kawaida huanza karibu na nusu volti na kupanda hadi nne na kitu.

Hatua ya 7: Petroli yenyewe, kisha presha

Kinga petroli kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache usiku mzima mbali na moto. Maji yatakaa chini, mstari utauona. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni vigumu kuiona kwa macho, lakini ukidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi hukauka bila kuacha kitu na iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliwekwa kwenye mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo, petroli ya mtungi kando ya barabara bado ni bahati nasibu.

Presha: kwanza iondoe. Toa fyuzi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe. Ndipo ufungue laini, ukiwa na kitambaa na mtungi wa moto karibu, pasiwe na sigara wala jiko. Funga geji, rudisha fyuzi. 1NZ yataka psi 44 hadi 50, na isishuke ukikanyaga. Wengi hupima gari likinguruma, wakaona 46, wakasema pampu nzima. Ipime presha gari likiwa kazini: paipu ya geji iwe ndefu, geji uifunge kwenye kioo cha mbele kwa nje, hakikisha hakuna uvujaji, mwenzako aendeshe. Presha ikianguka wakati ule ule gari linapoachia, umepata.

Kabla ya kununua pampu, ipime volti kwenye konekta yake ikiwa inafanya kazi. Ikiwa pungufu ya betri kwa zaidi ya volti moja, kosa ni waya au relei, na pampu mpya nayo itachoka. Filta iliyo pamoja na pampu ndani ya tangi ndiyo hubadilishwa kwanza.

Hatua ya 8: Ekzosi iliyoziba

Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Sisi tulio usawa wa bahari tuna bahati: vipimo vya vitabuni, inchi 17 hadi 22 za zebaki, hutufaa vilivyo. Ndugu yako wa Nairobi atasoma inchi tano au sita chini ya hapo na gari lake ni zima, usigombane naye.

Shikilia 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukishuka taratibu, moshi hauna pa kutokea, katalisti imeziba au imebomoka. Usiitoe na kuunganisha bomba tupu kabla ya kujua iliungua kwa nini. Silinda iliyomisi ndiyo iliyoiua.

Hatua ya 9: Taimingi na mgandamizo

Umefika hapa na kila kitu ni safi? Mshale wa vakyumu umetulia lakini uko chini, au kuna P0016, au cheni ilifunguliwa karibuni? Cheni imeruka jino. Acha kuwasha gari, mpe fundi wa injini. Kabla ya hapo angalia kiwango cha oili, maana mfumo wa VVT (unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) hufanya kazi kwa presha ya oili, na oili ikipungua kamu hupotea mahali pake.

Ikikataa bado

*Linafanya hivyo asubuhi baada ya mvua au kuoshwa, likipata moto linatulia.* Unyevu kwenye mashimo ya plagi. Rudi hatua ya 5, kausha kwa upepo, badilisha mipira ya koili.

*Linaanza tangi likifika robo, hasa kwenye kona na mlimani.* Chujio la pampu au mdomo wake tangini. Na mazoea ya kuendesha na taa ya petroli imewaka huichosha pampu, maana petroli ndiyo inayoipoza.

*Linalipuka ninapoachia mafuta, si ninapokanyaga.* Tafuta ekzosi inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi au maungio. Hewa inaingia, petroli iliyobaki inawaka. Masizi meusi kwenye maungio yatakuonyesha.

*Nimesafisha throto, sasa linanguruma kwa kasi.* Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu. Yape muda marekebisho yake, injini ikinguruma na moto wake bila kiyoyozi. Mengine huhitaji skana ya fundi kuyaanzisha upya.

*Kwenye kilomita 70 au 80 linatetemeka kwa mawimbi, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka kidogo, hakuna mlipuko hata mmoja, wala namba.* Hapa ndipo niliposema nitarudi kwenye gia. Gari likiwa otomatiki, mguu wako ukishikilia mafuta pale pale, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, barabara ikiwa tupu nyuma yako. Mtetemeko ukikoma mara moja na kurudi baada ya muda mfupi, injini haina kosa. Ni klachi ya ndani ya konvata ya gia, chombo kinachounganisha injini na gia. Anza na kiwango na rangi ya oili ya gia, na utie aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, si ile aliyobaki nayo muuzaji.